Kuishi na ugonjwa sugu wa mapafu: namna ya kuipanga siku ya mtu ambaye pumzi haimtoshi

Mama yangu hakuwahi kuvuta sigara hata siku moja. Alipika kwa kuni juu ya mafiga matatu kwa zaidi ya miaka 40, ndani ya jiko dogo la udongo lenye mlango mmoja na lisilo na dirisha, huko milimani Lushoto, na alipofikisha umri wa miaka 62 akawa hawezi kupanda kutoka barabarani hadi nyumbani bila kusimama mara tatu. Kwa muda wa miaka minne alitibiwa kikohozi, akamaliza antibiotiki za kila aina, akapimwa kifua kikuu mara kadhaa na kuambiwa hana, mpaka siku alipokutana na daktari aliyemtaka apulize kwenye mashine. Siku hiyo ndipo tuliposikia kwa mara ya kwanza kwamba ana ugonjwa sugu wa mapafu unaoziba njia za hewa, ule ambao hospitalini hutajwa kwa herufi COPD. Haya ninayoyaandika ndiyo tuliyofundishwa na madaktari na wauguzi tangu wakati huo, pamoja na yale ambayo nyumba yetu imeyajua kwa kuyatenda, na nimeyapanga kwa utaratibu ambao ningetamani tungepewa sisi mwanzoni.

Kabla ya hatua yoyote, ni vyema mgonjwa na watu wa nyumbani waelewe jambo moja kuhusu ugonjwa wenyewe. Moshi na vumbi la miaka mingi huzifanya njia za hewa zivimbe na kujaa makohozi, na vile vifuko vidogo vya mapafu ambamo damu huchukua oksijeni huchakaa na kupoteza mnyumbuko wake. Kwa sababu hiyo hewa huingia, lakini haitoki yote. Ile iliyobaki hukaa kifuani na kuinyima nafasi hewa mpya, na mgonjwa huhisi kwamba hawezi kuvuta pumzi, wakati shida yake kubwa ni kwamba hajaitoa ya zamani. Nitalirudia jambo hili mara kadhaa, kwa kuwa mengi ya manufaa yanayofuata yanatokana nalo. Uharibifu uliokwisha kutokea haurudi nyuma. Shirika la Afya Duniani linauhesabu ugonjwa huu kuwa wa nne kwa kuua watu duniani, na mwaka 2021 uliua watu wapatao milioni 3.5. Hata hivyo, mgonjwa aliyepangiwa siku yake vizuri anaweza kuishi miaka mingi akiwa na shughuli zake, na tofauti kati yake na aliyeachwa bila mpango ni kubwa kuliko nilivyodhani.

Hatua ya kwanza: hakikisha ni ugonjwa huu kweli

Kipimo cha kuthibitisha kinaitwa spirometa. Mgonjwa huvuta pumzi hadi kifua kijae, kisha huipuliza yote kwa nguvu na kwa kasi ndani ya mrija, na mashine hupima ni kiasi gani cha hewa hiyo kilitoka katika sekunde ya kwanza. Baada ya hapo hupewa dawa ya kufungua njia za hewa na kupuliza tena. Ikiwa hata baada ya dawa hewa ya sekunde ya kwanza haifiki asilimia 70 ya hewa yote aliyopuliza, basi njia zake zimeziba kwa namna isiyoondoka, na hapo ndipo hutofautishwa na mgonjwa wa pumu, ambaye mara nyingi njia zake hufunguka baada ya dawa. Si kila zahanati ina kifaa hiki, kwa hiyo uombe rufaa ya kwenda hospitali ya mkoa au ya kanda, na uiombe bila haya.

Kwetu Afrika Mashariki, kikohozi kilichozidi wiki mbili lazima kipimwe kifua kikuu kwanza, na hilo ni sahihi. Tatizo huja pale majibu yanapoonyesha kwamba hakuna kifua kikuu na mgonjwa akarudishwa nyumbani bila kutafutiwa sababu nyingine. Ni vyema pia kumweleza daktari ikiwa mgonjwa aliwahi kuugua kifua kikuu zamani na kupona, kwa sababu makovu yake nayo huweza kuacha mapafu yaliyoziba. Mweleze vilevile kwa vipimo vinavyoeleweka: je, anatweta akipanda kilima tu, au hutembea polepole kuliko wenzake wa rika lake, au husimama baada ya mita 100 tambarare, au huishiwa pumzi hata akivaa nguo? Madaktari wanatumia ngazi za namna hii hii kuamua tiba, na jibu lililo wazi huokoa muda.

Hatua ya pili: ondoa moshi kabla ya kununua dawa nyingine

Anayevuta sigara aache. Hakuna kidonge wala inhela (kikopo cha dawa ya kuvutwa kwa mdomo) inayoweza kuzuia mapafu yasiendelee kuharibika kwa kiasi ambacho kuacha sigara kunaweza, na faida hiyo ipo hata kwa mtu wa miaka 70 aliyevuta tangu ujanani. Wanaomzunguka nao wavutie mbali na nyumba, si barazani.

Kwa wagonjwa wengi wa kwetu, hasa akina mama, moshi wenyewe uko jikoni. Mwaka 2024 serikali ya Tanzania ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia unaolenga kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi, nami naunga mkono lengo hilo kwa moyo wote; lakini mgonjwa wako anapumua leo, na mtungi wa gesi unaisha kabla ya mwezi. Sisi tuliamua kwamba gesi itumike kwa chai, uji, mboga na kupasha chakula, yaani vile vitu ambavyo mama hupenda kuvipika mwenyewe, na maharage na makande yapikwe kwa kuni na mtu mwingine, nje, upande ambao upepo hauleti moshi nyumbani. Maharage yakilowekwa usiku kucha na sufuria ikafunikwa, kuni hupungua sana. Ikiwa hakuna budi kupikia ndani, toboeni dirisha, wekeni dohani, tumieni kuni zilizokauka kabisa, na mgonjwa asiwe ndiye anayepuliza moto. Kumwinamisha mgonjwa wa mapafu mbele ya mafiga apulize kuni mbichi ni kumtendea vibaya, hata kama mwenyewe anasisitiza kwamba amezoea.

Usisahau mioshi midogo ambayo hatuihesabu kuwa moshi: kibatari, dawa ya mbu ya kuwasha, majani na taka zinazochomwa uani asubuhi, na ubani na udi. Mama alikubali kuacha kila kitu bila maneno isipokuwa ubani wa Alhamisi jioni, na ilituchukua muda kumshawishi. Siku hizi chetezo hufukizwa nje ya nyumba, naye huketi chumba cha pili madirisha yakiwa wazi. Jiko la mkaa lisilazwe ndani kwa ajili ya joto la usiku, hata katika baridi ya mwezi wa Julai, kwa kuwa mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu inayoua hata watu wenye mapafu mazima. Sakafu inyunyizwe maji kabla ya kufagiwa, na vumbi la kabatini lifutwe kwa kitambaa kibichi.

Hatua ya tatu: jifunze upya kutumia inhela

Nasema upya kwa sababu hata mgonjwa aliyetumia miaka mitano huenda anaitumia vibaya. Mama alikuwa akiibonyeza kwanza, kisha ndipo avute, na wingu jeupe la dawa lilikuwa likitoka kwenye pembe za midomo yake na kupotelea hewani. Dawa aliyokuwa akiinunua kwa fedha ngumu ilikuwa ikiishia ulimini, na sisi tukiamini kwamba haimfai.

Njia sahihi ni hii. Aketi wima au asimame, aondoe kifuniko na kuitikisa vizuri. Atoe pumzi polepole mpaka kifua kiwe kitupu, aweke mdomo wa inhela kati ya meno na kuubana kwa midomo pande zote. Aanze kuvuta hewa taratibu kwa mdomo, na mara tu anapoanza kuvuta abonyeze mara moja, aendelee kuvuta hadi kifua kijae, kisha azuie pumzi kwa sekunde 10 au kadiri anavyoweza. Kama ameandikiwa mipulizo miwili, asubiri kati ya nusu dakika na dakika moja, aitikise tena, na kurudia. Wengi hubonyeza mara mbili mfululizo ili kuwahi, na hapo hupoteza.

Wazee wengi hushindwa kulinganisha kubonyeza na kuvuta, na dawa ya tatizo hilo ni chombo cha kati kinachoishikilia dawa mpaka mgonjwa aivute. Vya dukani ni ghali, lakini chupa ya plastiki ya maji ya nusu lita yaweza kufanya kazi hiyo; watafiti wa Cape Town walionyesha mwaka 1999 kwamba chupa ya namna hiyo iliwasaidia watoto wenye pumu sawa na chombo cha kiwandani. Tundu hutobolewa kwenye kitako cha chupa kwa waya uliopashwa moto, kwa umbo lile lile la mdomo wa inhela, ili uingie na kubana bila kuacha nafasi, kisha huzungushiwa utepe wa gundi. Mgonjwa huweka mdomo wa chupa kinywani mwake, inhela hubonyezwa mara moja upande wa pili, naye hupumua polepole ndani ya chupa mara nne au tano. Ioshwe kwa maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo na kuachwa ikauke yenyewe, kwani ikisuguliwa kwa kitambaa plastiki huvuta dawa na kuinata. Mwonyeshe muuguzi chupa uliyotengeneza kabla ya kuitegemea.

Jambo lingine linalohitaji kueleweka ni kazi ya kila dawa. Salbutamol, ambayo aghalabu huwa katika inhela ya rangi ya bluu, hufungua njia za hewa ndani ya dakika chache na hutumika pumzi inapobana. Zipo nyingine za kutumiwa kila siku kwa saa maalumu, mgonjwa awe anajisikia vizuri au vibaya, na hizo ndizo watu huziacha kwa sababu hawaoni matokeo ya papo hapo. Ikiwa mojawapo ina steroidi, yaani dawa ya kupunguza uvimbe, asukutue kinywa na kutema kila baada ya kuivuta, la sivyo utando mweupe wa fangasi waweza kuota ulimini. Kopo la salbutamol kwa kawaida lina mipulizo 200. Andika juu yake tarehe uliyolifungua na upige hesabu, kwa kuwa kopo huendelea kutoa upepo hata dawa ikiwa imekwisha, na ule mtindo wa kulielesha kwenye maji ili kujua kama limejaa hauaminiki.

Hatua ya nne: kutoa pumzi

Kumbuka kwamba shida ni hewa isiyotoka. Mgonjwa anapotweta hupumua haraka na kwa juu juu, hewa ya zamani ikazidi kurundikana, na hofu ikaongeza kasi. Mfundishe hivi akiwa ametulia, si wakati ameshabanwa: afunge mdomo na kuvuta hewa kwa pua huku akihesabu moyoni moja, mbili, kisha afinye midomo kama anayepoza chai ya moto kwenye kikombe, na kuitoa hewa taratibu akihesabu moja, mbili, tatu, nne. Asiisukume kwa nguvu. Pumzi ikibana sana, aketi, ainame mbele kidogo na kuegemeza mikono juu ya mapaja au mezani, mabega yakiwa yamelegea. Akiwa njiani aegemee ukuta au mti. Fanyeni zoezi hili dakika tano asubuhi na dakika tano jioni kwa wiki mbili, na mwili utalizoea.

Kanuni inayofuatana nalo ni kwamba kila kazi yenye uzito ifanywe wakati wa kutoa pumzi: anapoinuka kitini, anapoinua sufuria, anapopanda ngazi. Wengi wetu hubana pumzi tunapojikaza, na kwa mgonjwa huyu kubana pumzi ndiko kunakomwangusha.

Hatua ya tano: pangeni siku upya

Andikeni kwa siku tatu ni kazi gani zinammaliza pumzi na saa ngapi. Kwetu orodha ilitushangaza, kwa sababu kilichomchosha zaidi hakikuwa kilima, bali kuoga. Kuinama kwenye ndoo, kuinua mikono kuosha kichwa, mvuke wa maji ya moto katika bafu lisilo na tundu, na kujifuta haraka kwa sababu ya baridi, vyote vilikuwa vinakuja kwa mfuatano bila nafasi ya kupumua. Sasa kuna kiti cha plastiki bafuni, ndoo imepandishwa juu ya kigoda ili asiiname, maji ni ya uvuguvugu, mlango huachwa wazi kidogo, na badala ya kujifuta hujifunika shuka kubwa la taulo na kuketi mpaka akauke. Anaoga saa nne asubuhi, baada ya inhela na baada ya kukohoa makohozi ya usiku, na si tena alfajiri.

Kwa mfano huo huo, mpitie kazi moja baada ya nyingine. Kuchambua mchele, kumenya viazi na kukuna nazi ni kazi za kukaa, na zabaki kuwa zake. Kusonga ugali kunakula pumzi nyingi, kwa kuwa mikono hufanya kazi ikiwa juu na kifua kimejikaza. Mwachie mwingine mwiko. Kutwanga, kuchota maji na kubeba mtungi wa gesi viondolewe kabisa. Vitu vya kila siku vishushwe kutoka rafu za juu viwe kati ya kiuno na kifua. Kanga isifungwe kwa kubana tumboni kama kibwebwe, kwa sababu tumbo likibanwa msuli wa chini ya mapafu hauna pa kushukia. Mwislamu anayeishiwa pumzi katika kurukuu na kusujudu ana ruhusa ya kusali akiwa ameketi, na kuhusu saumu, mgonjwa azungumze na daktari wake pamoja na mwanachuoni anayemwamini kabla Ramadhani haijaingia.

Baada ya kila kula apumzike, na kazi mbili nzito zisifuatane. Muacheni pia achague. Mama alitaka pumzi zake za jioni zibaki kwa ajili ya kwenda kwa jirani yake, hatua kama 150 hivi, kwa hiyo kufua tulikuondoa, na kwenda kwa jirani kukabaki.

Hatua ya sita: atembee

Hapa ndipo familia nyingi zenye upendo hukosea. Kwa kuogopa kumwona akitweta, humketisha, na misuli ya miguu iliyokaa bure hudhoofika na kudai oksijeni nyingi zaidi kwa kazi ile ile, ndipo mgonjwa anatweta zaidi na kuketishwa zaidi. Kutweta kwa kiasi wakati wa kutembea si hatari. Akiweza kusema sentensi fupi huku akitembea, yuko sawa. Aanze kwa dakika tano tambarare, siku tano kwa wiki, aongeze dakika moja au mbili kila wiki, na asimame kupumua kila anapohitaji. Nyumbani aketi na kusimama kitini mara kumi bila kutumia mikono. Palipo na kliniki yenye mazoezi ya mapafu, ambayo kwa kawaida huchukua wiki sita hadi kumi na mbili, mpelekeni bila kusita, kwani ni miongoni mwa tiba zenye manufaa makubwa kabisa kwa ugonjwa huu.

Chakula kiwe kidogo kidogo mara tano au sita, kwa kuwa tumbo lililojaa huyasukuma mapafu juu. Mgonjwa anayekonda yuko katika hatari, hivyo apate mayai, dagaa, maziwa, karanga, na mafuta kidogo kwenye uji. Anywe maji ya kutosha ili makohozi yalainike, isipokuwa daktari amemwekea kipimo kwa ajili ya moyo. Ulizieni chanjo ya mafua na ya nimonia. Kila anapoandikiwa dawa mpya, hasa ya presha, mtaje ugonjwa wake, kwa sababu dawa kama propranolol huweza kubana njia za hewa. Na asinunue dukani vidonge vya usingizi wala dawa ya kikohozi yenye kodeini, ambavyo hupunguza kasi ya kupumua.

Hatua ya saba: andaeni siku mbaya kabla haijafika

Siku mbaya hutanguliwa na dalili: makohozi huongezeka au kugeuka kutoka meupe kuwa ya njano au kijani, kikohozi huzidi, na kazi ya jana leo haiwezekani. Dalili hizo zikidumu siku moja, nendeni kituo cha afya siku hiyo hiyo. Madaktari wengine humwachia mgonjwa wa muda mrefu prednisolone (vidonge vya steroidi) na antibiotiki za kuanza nyumbani, kwa kawaida kwa siku chache tu, lakini hilo hufanywa kwa maandishi ya daktari na si kwa kukisia.

Msisubiri hata kidogo ikiwa hawezi kumaliza sentensi, ikiwa ulimi au fizi zimekuwa za bluu au kijivu (kwa ngozi yetu angalieni humo, si usoni), ikiwa amechanganyikiwa, au ikiwa anasinzia na kuamshwa kwa shida. Hospitalini semeni mapema kwamba ana COPD, kwa sababu oksijeni hupimiwa: kwa wagonjwa hawa hulengwa kiwango cha oksijeni ya damu cha asilimia 88 hadi 92 kwenye kipimo cha kidoleni, na kuzidisha kwaweza kuwadhuru wengine wao. Aliyeandikiwa oksijeni ya nyumbani huitumia angalau saa 15 kwa siku, na chumbani humo usiingie moto wa aina yoyote.

Yote haya yawe kwenye karatasi moja. Yetu imebandikwa ndani ya mlango wa kabati, kwa herufi kubwa: jina la ugonjwa, dawa zake na vipimo, dalili nne za kukimbilia hospitali, namba ya jirani mwenye gari na ya dereva wa bajaji, na mahali ulipo mfuko wenye vyeti na inhela ya akiba. Tuliiandika kwa lugha ambayo mjukuu wa darasa la nne anaweza kuisoma, kwa sababu mchana mara nyingi ndiye aliyepo nyumbani, na tumemsomesha mara kwa mara akiwa ameshika simu. Mwaka jana, mwezi wa Juni, aliisoma kwa kweli, mstari kwa mstari, huku bibi yake akiwa ameegemea meza na kuhesabu moja, mbili, tatu, nne.